Ghorofa zetu zinalipigia jua magoti

Juzi mwenzangu kazini alinyanyuka akafungua dirisha. Ghorofa ya juu kabisa, hapa Frankfurt, upepo ukaingia. Kwetu pale pangekuwa na kioo kisichofunguka na kiyoyozi kinachonguruma. Nilifurahi, kisha siku nzima nikawakasirikia watu wa nyumbani.

Kabla hamjanirukia: sisemi Wazungu wametuzidi akili. Jua tunalijua sisi! Ndiyo maana inaniuma kuona tunavyojenga: vioo kuanzia chini hadi juu, tena mashariki na magharibi, ambako jua hupenya ndani kabisa. Ofisi inakuwa tanuri, viyoyozi vinawashwa, umeme unakatika, jenereta linanguruma, bili inamfikia mpangaji. Mnayajua.

Hapa mnara wa benki ya Commerzbank, mita 259, uliokamilika mwaka 1997, una madirisha yanayofunguka. Msanifu wake, Norman Foster, aliweka kuta mbili za kioo: ya nje inakinga upepo na mvua, ya ndani unaifungua. Katikati ya jengo ameacha wazi, bustani zinapanda kwa kuzunguka, hewa inapita.

“Huko ni kwenye baridi!” Haya, tuiache Ulaya. Malaysia kuna joto na unyevu kama pwani yoyote ya kwetu. Mwaka 1992 msanifu Ken Yeang alimaliza jengo la ofisi la Menara Mesiniaga, akapanga lifti, ngazi na vyoo upande wa mashariki, vipigwe jua vyenyewe, watu wakae kivulini. Madirisha yanayotazama jua kali akayawekea mapezi ya alumini, vibao vya kuleta kivuli, kwa nje. Kwa nje, jamani! Pazia la ndani linalikuta joto limeshaingia.

Na Harare je? Jengo la Eastgate la msanifu Mick Pearce, la mwaka 1996, halina mtambo wa kawaida wa viyoyozi. Usiku hewa baridi inapoza zege, mchana zege linanyonya joto, hewa ya moto inatokea kwenye dohani za juu. Hilo ni jengo la Afrika, na wanafunzi wa usanifu hapa Ulaya wanalisoma. Najivunia.

Kwa hiyo msiniambie hatuna wataalamu. Tunao, na wanachora vivuli vizuri tu. Tatizo ni mwenye pesa anayeuliza mbona jengo halifanani na la Dubai. Anayesema ni gharama anieleze: kuhamishia ngazi upande wa jua kwenye mchoro kunagharimu nini?

Na wewe unayeniambia nirudi nijenge mwenyewe, mimi ni mpangaji kama wewe. Nikirudi, kabla ya kuuliza kodi, nitamuuliza mwenye jengo jua la saa kumi jioni linapiga wapi.