Siku niliyogeuzwa stendi ya dishi

Wadau, mimi ni fundi dishi hapa Mwanjelwa, na kama kuna mtu ashawahi kulipwa kwa kusimama tu juu ya bati ajitokeze tuunde chama.

Ilikuwa mkesha wa mwaka mpya wa Kichina, mwezi wa pili, mvua za Mbeya mnazijua. Kule juu Kawetere njia ya Chunya kulikuwa na kambi ya Wachina wa barabara, dereva wao akanipigia, bosi anataka CCTV-4, chaneli ya runinga ya China, ile ya bure isiyo na kadi, na iwe imeshika kabla ya saa tisa alasiri. Nikamuuliza shoo gani hiyo ya saa tisa mchana? Kumbe Beijing wako mbele yetu masaa matano, saa tisa yetu kwao ni saa mbili usiku, na hapo ndo linaanza lile tamasha lao la runinga linalorushwa kila mkesha tangu 1983, familia nzima inakaa sebuleni mpaka saa sita usiku igonge. Sasa mama yuko China, mtoto yuko Kawetere anamwaga lami, wanataka waone kitu kimoja kwa wakati mmoja. Hapo nikawaelewa kabisa.

Kidishi kidogo walikuwa nacho ila mvua ikikaza tu picha inaganda. Masafa ya C-band, yale ya madishi makubwa, yanavumilia mvua, tatizo ni huo ukubwa wa dishi, hili lilikuwa la futi sita, na dishi kubwa adui yake ni upepo. Stendi walikuwa wameshachomelea wenyewe juu ya paa la ofisi, mimi nikaja kufunga na kuelekeza tu mashariki, kwenye satelaiti iliyo juu ya Bahari ya Hindi, kilomita kama 36,000 kutoka chini, na kwa umbali huo ukisukuma dishi kidogo tu umeikosa. Saa nane na nusu picha hiyo, safi, chini wanapiga makofi, nikaanza kukusanya spana zangu.

Upepo ukaja. Nikasikia KA! kulehemu kumeachia, dishi linaondoka, nikalidaka kwa mikono miwili nikalirudisha rudisha hivi nikibahatisha, ghafla ndani kelele, "Hapo hapo! Rafiki, hapo hapo! Usitoe!"

Basi ndo nikawa stendi.

Nikapiga kelele mleteni mchomeleaji, dereva akajibu mchomeleaji kashuka Mbeya mjini sikukuu. Waya wa kufungia je? Stoo imefungwa, mwenye funguo ndo huyo huyo mchomeleaji. Dereva akajitolea anipokee, akapanda, tukabadilishana kwa uangalifu kama tunapokezana kichanga, picha ikapotea hapo hapo, bosi akatoka nje akasema maneno ambayo sikuyaelewa ila dereva alishuka ngazi bila kugusa vidaraja. Nikarudi zamu yangu.

Mvua ikashuka ile yenyewe. Ukungu ukafunga, baridi ya Kawetere inakung'ata mpaka kwenye meno, na ndani nasikia watu wanacheka mpaka wanagonga meza, sijui wanacheka nini na shingo siwezi kugeuza. Mama wa jikoni, Mnyakyusa mmoja mwenye roho nzuri sana, akapanda na sahani ya vile visambusa vyao vya kuchemsha akawa ananilisha mdomoni kimoja kimoja, "Asama baba, kula, utaanguka." Ndaga mama, namwambia huku natafuna. Chini babu mlinzi anamuuliza, "Hivi huyo fundi anaumwa?"

Giza linaanza kuingia, saa moja kasoro, nasikia ndani wote wamesimama wanahesabu kwa sauti kurudi nyuma. Nikasema moyoni afadhali, kwao saa sita usiku hiyo, inaisha. Hakuna aliyeniambia kwamba kuna kijana kajificha nyuma ya greda na boksi la fataki.

Jamani. Ile ya kwanza ilivyolia nilijua ni transfoma. Mikono yenyewe iliachia, mimi nikakaa chini kwenye bati nimeshika kichwa, dishi likageuka likatazama Chunya.

Nikasubiri matusi. Kimya. Nikachungulia: wote wametoka nje, kila mtu na simu sikioni anaongea na mama yake, wengine wanafuta macho, hata aliyekumbuka kama kuna TV hakuna.

Usiku tunakula, bosi kaniongezea hela ya maana tu bila hata kudai, nikamwambia dereva hebu waulize lilikuwaje hilo tamasha, maana mimi nimelisikia kwa mgongo. Wakajadiliana muda mrefu, vichwa vinatikiswa.

"Wanasema la mwaka huu bovu kuliko la mwaka jana."

Nikashusha kijiko.

"Usijali fundi," dereva akasema, "kila mwaka wanasema hivyo hivyo."