Java haikuonei ikidai konstrakta ya mama

Vijana wa Lamu wanaotoka lugha ya programu ya Python kwenda ya Java hunung'unikia jambo moja: kwa nini konstrakta (kipande cha msimbo kinachoandaa kitu kipya) ya klasi mama, ile inayorithiwa, lazima iitwe, hata pale klasi mtoto inapojitosheleza? Python, wasema, inakuachia uamuzi. Wana hoja, ila hasira zao nahisi zimemwangukia asiye na kosa.

Chukua programu ya tiketi za boti za Mokowe. Klasi mama ni Chombo, na konstrakta yake hupokea namba ya usajili na uwezo wa abiria. Boti inarithi Chombo na kuongeza nauli. Katika Java, konstrakta ya Boti isipotaja super(), yaani mwito wa konstrakta ya mama, kompaila (programu inayotafsiri msimbo) huchomeka mwito usio na vigezo. Chombo kinadai vigezo, basi programu haikompailiki. Utafyonza, utarekebisha, yaishe.

Python hunyamaza. Boti ikishakuwa na __init__ yake, ndiyo konstrakta ya Python, ile ya Chombo haiitwi mpaka uiite mwenyewe. Nauli inasomeka, majaribio yanapita. Siku mtu akiuliza uwezo ndipo AttributeError, kosa la kukosekana kwa sifa, huruka, tena kwenye mstari usio na hatia. Kosa lenyewe limelala faili nyingine. Na hiyo bado ni bahati. Tuseme mwandishi wa Chombo alitangaza uwezo = 0 kwenye mwili wa klasi, na sifuri kwake ni "bado hakuna kikomo". Hakuna kosa litakaloruka. Tiketi zitauzwa tu, moja baada ya nyingine, na programu haitaona ubaya wowote.

Python nayo ina sababu. Inaruhusu klasi kurithi mama kadhaa, na super() hufuata foleni ya urithi, si lazima iende kwa mama uliyemdhania. Lugha ingejuaje vigezo vya kumpa kila mmoja? Java kwa upande wake ilibana mno: mpaka toleo la 25, mwaka 2025, hukuruhusiwa hata kukagua kigezo kwa if kabla ya super(). Tena konstrakta ya mama ikiita metodi (kazi iliyoandikwa ndani ya klasi) ambayo mtoto ameiandika upya, metodi hiyo hukuta sehemu za mtoto bado hazijajazwa. Mtego huo ni wa kweli, na kulazimishwa kuita super() hakukuepushi nao.

Anayebaki na Python awashe Pylint, programu ya kukagua msimbo. Onyo lake W0231 hulalamikia __init__ iliyosahau kuita ya mama, yaani kelele ile ile aliyoikimbia Java.