Mtoto anayebembelezwa atajuaje kujituliza?

Mtoto wa miaka miwili amejitupa sakafuni kwa sababu amepewa kikombe cha bluu, naye alitaka cha njano. Mgongo ameupinda, visigino vinapiga sakafu, na kilio kimefika mahali ambapo hata akiletewa hicho cha njano anakisukuma. Watu wazima wawili wamesimama karibu naye. Mmoja anataka kuinama amshike. Mwenzake anamwambia amwache, kwa kuwa akizoea kubembelezwa kila anapolia hatajua kamwe kujituliza mwenyewe. Hoja ya huyu wa pili ndiyo inayosikika zaidi, na ni nyepesi kuieleza: samaki hukunjwa angali mbichi, na uwezo wa kuzuia hisia ni kama misuli, haukui bila kubebeshwa mzigo.

Hoja hiyo haistahili kupuuzwa, kwani ina ushahidi mzito. Katika mji wa Dunedin, New Zealand, watafiti wamekuwa wakiwafuatilia watu zaidi ya 1,000 waliozaliwa mwaka 1972 na 1973. Mwaka 2011 Terrie Moffitt na wenzake walionyesha kwamba wale ambao kati ya umri wa miaka 3 na 11 walikuwa dhaifu katika kujidhibiti walifika miaka 32 wakiwa na afya duni zaidi, matatizo mengi zaidi ya fedha na hukumu nyingi zaidi za jinai, hata baada ya kuzingatiwa kiwango chao cha akili na hali ya uchumi ya familia walizokulia. Anayedai kuwa mtoto aachwe afuate hisia zake popote zimpelekapo hana budi kuyajibu matokeo hayo kwanza. Lakini Dunedin inatuambia kwamba kujidhibiti kuna thamani. Namna kunavyopatikana ni swali jingine, na ni hapo ambapo watetezi wa ukali huruka hatua nzima. Wanaona tunda, kisha wanadhani wanaijua mbegu.

Mtoto mchanga anapofadhaika ana mambo machache sana awezayo kujifanyia. Anaweza kugeuza uso asione kinachomsumbua. Anaweza kunyonya vidole. Hofu au njaa ikizidi hapo, uwezo wake umekwisha, na wa kumrudisha katika utulivu ni mlezi, kwa sauti inayoshuka polepole, kwa kifua anachoegemea, kwa mwendo ule ule wa kumtikisa taratibu ambao hurudiwa mara zisizohesabika kabla mtoto hajafikisha hata mwaka. Kutulia huanza kama kazi ya watu wawili. Edward Tronick alilionyesha jambo hili katika jaribio lake maarufu lililochapishwa mwaka 1978, ambamo mama aliyekuwa akicheza na mtoto wake alitakiwa kuukaza uso ghafla, asitabasamu wala kuitikia, kwa dakika chache tu. Watoto walitabasamu, wakanyoosha mikono, wakapiga kelele kumwamsha mama yule. Waliposhindwa waligeuka upande, wakalegea.

Jaribio hilo limewatia wazazi wengi hofu isiyo na sababu, kana kwamba kosa la dakika moja humharibu mtoto. Tafiti za Tronick mwenyewe zilionyesha kwamba hata mama na mtoto wanaoelewana vizuri huwa katika hali moja ya hisia kwa takriban asilimia 30 tu ya muda wa mchezo wao. Muda mwingine wote hupishana, kisha hurudiana. Nadhani kurudiana huku ndiko kunakomfundisha mtoto kwamba fadhaa huja na hupita.

Lakini ushahidi ninaourudia kila mara hautoki kwa watoto wachanga. Wengi wanalijua jaribio la Walter Mischel wa Chuo Kikuu cha Stanford: mtoto anaachwa mezani na peremende moja laini, akiahidiwa ya pili endapo atasubiri. Waliosubiri zaidi walionekana baadaye kufanya vizuri zaidi katika masomo, na tangu hapo peremende ile imekuwa hirizi ya kila anayehubiri subira. Kisha Celeste Kidd na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, wakatanguliza jambo moja kabla ya peremende. Waliwapa watoto 28 rangi chakavu za kuchorea na kuwaahidi kwamba wakingoja wangeletewa nzuri zaidi. Nusu yao waliletewa kweli. Nusu nyingine waliambiwa, samahani, hazipo. Ahadi ya pili, ya stika, ikaenda vivyo hivyo. Ndipo peremende ikawekwa mezani. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12 hivi. Waliovunjiwa ahadi walisubiri kama dakika 3.

Tuzitazame vizuri dakika hizo 9 zilizopotea. Watoto waligawanywa kwa bahati nasibu. Hakuna aliyechaguliwa kwa kuwa mtulivu au mkorofi. Kati ya 14 waliotimiziwa ahadi, 9 walingoja dakika zote 15. Kati ya 14 wengine aliweza mmoja. Naam, watoto 28 ni wachache, na kikao kimoja hakitabiri maisha ya mtu. Hata hivyo, mtoto ambaye watu wazima humwahidi kisha wakamgeuka, akiinyakua peremende mara moja, ameshindwa kujizuia au amepiga hesabu sahihi? Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake walilirudia swali la Mischel kwa watoto zaidi ya 900, wakakuta kwamba uhusiano kati ya kusubiri na mafanikio ya baadaye ulikuwa kama nusu ya ule wa awali, na hata huo ulipungua kwa theluthi mbili walipozingatia uwezo wa akili wa mtoto, familia na mazingira ya nyumbani. Subira tuliyodhani ni ya mtoto, sehemu kubwa yake ilikuwa ya nyumba aliyotoka.

Upande wangu nao una mahali unapotia chumvi. Wapo wanaodai kwamba mtoto asiyeitikiwa mara moja usiku hujeruhiwa nafsi, na ushahidi haufiki huko. Mwaka 1972 Silvia Bell na Mary Ainsworth waliripoti, kutokana na mama 26 na watoto wao, kwamba watoto walioitikiwa upesi walilia kidogo zaidi kufikia mwisho wa mwaka wa kwanza; mwaka 1991 utafiti wa Uholanzi ukapata picha iliyoelekea kinyume. Nchini Australia, watoto ambao wazazi wao walifundishwa, wakiwa na umri wa miezi minane hivi, kuwaacha wajaribu kulala wenyewe huku mzazi akirudi kila baada ya muda, walipopimwa wakiwa na miaka sita hawakuwa na tofauti na wenzao kihisia wala katika ukaribu wao na wazazi. Kuchelewa kidogo si kutelekeza. Tena mzazi aliyelala usingizi hubembeleza vizuri kuliko aliyechoka hoi.

Kinachonitenga na mtu wa pili katika kile chumba cha kikombe ni kwamba yeye husikia kunyamaza akadhani ni kutulia. Lugha yetu imeyatenga maneno haya mawili, na maabara nayo imeyatenga. James Gross na Robert Levenson, mwaka 1993, waliwaonyesha watu wazima filamu ya kuchukiza na kuwataka baadhi yao wasioneshe lolote usoni. Nyuso zilitulia kweli. Chukizo lenyewe halikupungua, na mwili ulionyesha dalili za mkazo zaidi. Mtoto anayenyamaza kwa kuogopa kiboko huenda anafanya mazoezi ya jambo hilo hilo, na atafika utu uzima akiwa hodari wa kuficha.

Safari yenyewe ni ndefu kuliko tunavyokubali. Sehemu ya mbele ya ubongo inayosaidia kupima matokeo huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini. Margo Gardner na Laurence Steinberg, mwaka 2005, waliwachezesha vijana na watu wazima mchezo wa gari katika kompyuta: vijana wa miaka 13 hadi 16 walijitia hatarini zaidi sana rafiki zao walipokuwa wakitazama, ilhali wenye miaka 24 na zaidi karibu hawakubadilika. Kijana yule yule, kichwa kile kile, lakini waliomzunguka wamebadilika. Mzazi anayemnunia kijana wa miaka 15 kwa kuwa eti ameshakua anadai deni ambalo halijaiva.

Na anayeinama pale sakafuni halazimiki kuleta kikombe cha njano. Kumdekeza kungekuwa kukimbilia kabati ili kilio kiishe. Anaweza kukaa naye, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ameona amekasirika, akamshika mgongo hadi kwikwi zipungue, na maji yakanyweka katika kile kile cha bluu.