Mimi 120,000, mwenyekiti 2,100, wengine vistari

Nimeiona status ya shoga yangu (anajijua) kwamba "mweka hazina kajigawia kikoba peke yake". Ngojeni niseme mwenyewe, maana tangu asubuhi mtaani kwetu Pasua kote nasalimiwa "shikamoo bosi".

Jana tulivunja kikoba, yaani kugawana faida, nyumbani kwa mwenyekiti. Wanachama 28, hisa 1,240, faida ya kila hisa 2,000. Siku zote tunapiga hesabu kwa daftari mpaka mbu wanaingia. Safari hii nikajitutumua: akina mama, mwaka huu ni Excel! Cheti changu cha kompyuta si kinaning'inia sebuleni? (Acheni kucheka. Cha wiki 3 nacho ni cheti.)

Jina langu nililiweka la kwanza, mstari wa 2, kwa kuwa mchapaji ni mimi. Kwenye kisanduku F1 (safu F, mstari wa 1) nikaandika ile faida, 2,000, na chini yake, F2, idadi ya wanachama. C2 nikaweka =B2*F1, yaani hisa zangu mara faida. Hisa zangu 60, ikaja 120,000. Nikahakiki kwa simu: sawasawa. Nikashika kale kamsalaba keusi ka kwenye kona, nikakaburuta hadi mstari wa 29 huku macho yako kwenye maandazi yanayoingia. Laptopu ikachomekwa kwenye runinga.

Kimya.

Runinga ya mwenyekiti ni kubwa jamani. Juu kabisa, jina langu: 120,000. Mwenyekiti, mwenye hisa 75: 2,100. Kilo ya sukari haipati. Chini yake kistari. Kistari. Kistari. Vistari 26 vimejipanga kama siafu, maana sifuri nilikuwa nimeipamba ionekane hivyo.

Bibi mmoja akavaa miwani, akaivua, akaifuta kwa kitenge, akaivaa tena. "Mwanangu, hako kakistari ni shilingi ngapi?"

Andazi likagoma kooni. Mwenyekiti hakusema neno. Alisogeza kiti chake taratibu, kikatua katikati yangu na sanduku la pesa. Mwenye ufunguo wa tatu wa sanduku akauzamisha kifuani.

Kumbe ukiivuta fomula chini, kila ulichokitaja nacho kinashuka! B2 ikawa B3, vyema. Lakini F1 nayo ikawa F2, kwa hiyo hisa za mwenyekiti nilizizidisha kwa wanachama 28. Kuanzia F3 hakuna kitu, wenzangu wakazidishiwa hewa.

Mtoto wa mwenyekiti, wa kidato cha tatu, alikuja anatafuna, akabofya C2, akaweka kishale kwenye F1, akagonga kitufe cha F4 kwenye kibodi, ikawa $F$1 (hapo F1 imefungwa, haishuki tena), akavuta. Basi. Jumla 2,480,000, sawa na daftari. Tukagawana, tukala, nikaombewa.

Nikadhani yameisha. Bibi bado ana miwani usoni, kidole kiko kwenye runinga, pale juu palipoandikwa fomula ya mstari wangu.

"Ngojeni kwanza. Hiyo si alama ya dola? Kumbe huyu yeye anajilipa kwa dola?"