Sukari nayo imeangushiwa jumba bovu

Kila baada ya miaka kadhaa, kirutubisho kimoja huangushiwa jumba bovu. Yalianza mafuta, ukafuata wanga, na siku hizi ni zamu ya sukari. Hoja huja na takwimu zake: wanaokula zaidi kitu fulani wako katika hatari kubwa zaidi ya unene uliopitiliza, yaani BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 30 na kuendelea. Sina ugomvi na takwimu. Ninachohoji ni namba hizo zimetoka wapi.

Nyingi zimetoka midomoni mwa walaji. Mtu anapewa dodoso na kuulizwa mwaka mzima uliopita alikula nini, mara ngapi, kiasi gani. Nani anakumbuka? Mwaka 1992 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya watu 10 wanene waliolalamika kwamba wanakula kidogo lakini hawapungui. Badala ya kutegemea maneno yao, walipima nishati iliyotumiwa na miili yao. Kumbe kile walichokiandika kilipungua kwa asilimia 47 kutoka walichokula. Siwaiti waongo, sote tunajisahau mezani. Balaa ni kwamba wanene kwa kawaida hupunguza zaidi kuliko wembamba. Mizani inayokosea sawasawa kwa kila mteja unaweza kuirekebisha, lakini hii inamkosea kila mmoja kivyake.

Halafu kuna suala la kipi kilitangulia. Wanaokunywa vinywaji visivyo na sukari mara nyingi huonekana kuwa wanene. Vinywaji vimewanenepesha, au walivikimbilia baada ya nguo kuanza kuwabana?

Na virutubisho havitembei peke yake. Ukiyapunguza mafuta, kitu kingine kitajaza sahani. Mwaka 2018, jaribio la Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, lililohusisha watu 609 lililinganisha ulaji wa mafuta kidogo na ulaji wa wanga kidogo kwa miezi 12. Wa kwanza walipungua wastani wa kilo 5.3, wa pili kilo 6.0, tofauti isiyo na uzito kitakwimu. Lakini ndani ya kila kundi, kuna waliopungua kilo nyingi mno na kuna walionenepa!

Jaribio ninaloliamini zaidi ni dogo. Mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake, huko huko Marekani, waliwaweka watu 20 kituoni kwa wiki nne. Wiki mbili walipewa vyakula vilivyosindikwa sana viwandani, wiki mbili vile ambavyo havikusindikwa. Milo iliyoandaliwa ilisawazishwa kwa kalori, sukari, mafuta na nyuzinyuzi, na kila mtu alikula hadi akatosheka. Kwenye vyakula vya viwandani walikula takriban kilokalori 500 zaidi kwa siku, wakaongezeka karibu kilo moja. Kwa hiyo hesabu ya virutubisho vilivyoandaliwa mezani inaweza kuwa ile ile, lakini mtu akala zaidi na uzito ukapanda.

Wiki mbili ni chache, na watu 20 hawajazi hata basi. Ila hapo angalau mabaki ya kila sahani yalipimwa.