Ndiyo, ile sauti ya chaneli 16 ni yangu

Haya, tuyamalize. Ile sauti inayozunguka kwenye magrupu, ya mtu anayelia kwenye redio ya baharini, kwenye chaneli 16 ambayo vyombo vyote huisikiliza, "Meli iliyo mbele yangu, geuza, geuza, tutagongana!", ni mimi. Aliyerikodi ni rafiki yangu wa kula naye sinia moja, na kakata kila kipande cha kunisitiri. Kabakisha kelele tu.

Kwanza mjue kuwa rada yenyewe niliitengeneza. Hilo halisemi, makusudi. Kile kiboti cha kupeleka wageni kuvua kilikuwa na rada inayowaka vizuri, inahesabu sekunde zake 90 za kupasha moto, halafu ukiiambia irushe mawimbi, kioo kinazima pu! Mafundi wawili walishasema kichwa, kile cha juu ya kibanda kinachorusha mawimbi, kimekufa, tajiri anunue kingine. Mimi nikatoa mita. Kwenye betri, volti 12.6. Nikapanda juu ya kibanda, nikapima mwisho wa waya pale pale inapojaribu kurusha: 9.8. Volti karibu tatu zimepotea njiani. Nikaufuata waya kwa vidole mpaka nyuma ya kabati la maboya, nikakuta kiungo kimefungwa tepu. Kufungua, kutu ya kijani kibichi kama kisamvu. Msasa, waya mpya mnene, nikalehemu, nikafunga. Ikarusha! Kisiwa cha Bawe kikatokea kiooni, cha Changuu kikatokea, na meli zilizotia nanga nje ya Malindi, bandari yetu ya Unguja, zikajitokeza moja moja kama punje za choroko. Nahodha, mtu mzima aliyeanza bahari na ngalawa, akanipa mkono. "Fundi weye."

Neno hilo ndilo lililoniponza.

Kwa furaha tukala pilau kwenye sinia la shangazi yangu, lile kubwa la alumini la watu sita. Tulikuwa watatu na halikubaki kitu. Nikaliosha mwenyewe (andikeni hilo, nililiosha), nikalichomeka wima kwenye reli ya juu ya kibanda likauke. Mbele ya kichwa cha rada. Hatua moja hivi. Linakitazama uso kwa uso.

Mnaojua rada mmeshaanza kucheka. Tulieni, wenzenu hawajafika.

Tukatoka kuijaribu hadi karibu na kisiwa cha Chumbe. Kwenda, safi. Wakati wa kurudi ikatukamata mvua ya masika, ile ambayo hata omo ya chombo chako mwenyewe huioni. Nikamwambia nahodha asiwe na wasiwasi, kuna kitufe cha kupunguza mvua kiooni. Akasema, "Basi hebu bonyeza na hii inayoniingia shingoni."

Nikabonyeza, madoa ya mvua yakapungua, ndipo nikaiona. Mbele yetu, kulia kidogo, doa kubwa, nene, limekaa kama kipande cha mkate. Maili moja na nusu. Nyuma yetu kulikuwa na doa jingine, umbali ule ule.

Nahodha akauliza, "Na hili la nyuma?"

Hapa nisameheni. Nikajibu, kwa sauti ya mwalimu, "Hilo ni kivuli, nahodha. Rada hufanya hivyo. Ya kweli ni ya mbele."

Maili moja. Yaja mbio, huku sisi tunakwenda kwa mwendo wa harusi. Nikamwambia akate kulia. Akakata kulia. Nayo ikabaki pale pale mbele yetu. Akakata kushoto. Ipo! Nahodha akaniangalia. "Fundi, meli gani hii inacheza msewe na sisi?"

Ndugu zangu, mimi nimesoma. Kitu kinachogeuka kila unapogeuka hakiko baharini, kiko chomboni mwako. Nalijua hilo. Nimewahi kumfundisha mtu hilo. Siku ile lilikuwa nyumbani limelala.

Robo tatu ya maili. Nikanyakua redio. Sitaki kurudia niliyosema, mnayo kwenye simu zenu. Ila ile sehemu ya "nina watoto" nataka muelewe kuwa ninao kweli.

Redio ikakwaruza. Ikaja sauti ya kiume, imetulia kama ya mtu anayekunywa kahawa. "Unayeita chaneli 16, taja chombo chako." Nikataja. (Jina nalisitiri, tajiri kaniomba.)

"Unaelekea Malindi?"

"Naam! Na wewe wanijia usoni!"

Kimya. Kimya kirefu. Nikasikia mtu mwingine upande wa pili akicheka mbali na kinasa sauti.

"Bwana mkubwa," sauti ikasema, pole pole, kama unavyomwambia mgonjwa, "mimi niko nyuma yako. Nakuona vizuri sana. Mbele yako hakuna chombo. Hebu geuka utazame."

Shingo yangu iligeuka kama mlango wa Mji Mkongwe usiotiwa mafuta mwaka mzima. Na pale, kutoka kwenye mvua, ikachomoza boti ya abiria kutoka Dar. Nyeupe, ndefu, ghorofa na ghorofa yake. Tayari imeshakata upande kutupisha, kwa adabu zote. Inapita. Madirishani watu wamejipanga, simu juu. Mtoto mmoja akanipungia mkono. Nami, sijui kwa nini, nikampungia. Mkono mwingine bado umeshika redio, na kidole bado kimebana kitufe, kwa hiyo chaneli 16 nzima ilisikia nikisema, "Astaghfirullah."

Kisha mawimbi yake yakatufikia.

Kiboti kikainuka, kikalala ubavu, kikainuka tena. Juu ya kibanda kikalia kitu: ting. Halafu kimya. Halafu ngaranga-ngaranga-ngaranga, kitu kinabingirika juu ya vichwa vyetu, kikadondoka sitahani, kikaanza kuzunguka kama pia, kinazunguka, hakichoki. Nikatazama kioo. Ile meli ya mbele haikugeuka wala haikuzama. Ilifutika.

Nahodha akalikanyaga sinia ili linyamaze. Akaliokota, akalipindua, akaangalia kioo, akaniangalia mimi.

"Fundi," akasema, "meli yako hii."

Kwa wasiojua: mawimbi ya rada yaligonga sinia, sinia likayarusha nyuma kwenye ile boti ya abiria, yakarudi njia ile ile, na rada maskini ikadhani yametoka mbele. Rada ilikuwa nzima. Imefanya kazi yake bila kosa hata moja. Mnara wa taa wa Chumbe umesimama tangu 1904 bila kuwekewa sinia, ndiyo maana una heshima.

Tukafika, tajiri akalipa, vijana wa Malindi sasa wananiita Kepteni Sinia, na jana kwenye gati baharia mmoja wa ile boti kanipigia saluti. Basi. Imekwisha.

Iliyobaki ni shangazi. Sinia limebonyea upande mmoja, halikai sawa tena, ukilitia mchuzi wote unakimbilia pembeni. Ile sauti kaisikiliza mara tano, kacheka mpaka kafuta machozi kwa mtandio, kaniuliza, "Huyu mjinga ni nani?" Nikamwambia mtu wa Tanga. Hajajua ni sauti yangu wala hajajua ni sinia lake, na Ijumaa ana maulidi analitaka. Kwa hiyo nyote mnaomjua, na nyie watu wa Tanga, nawaombeni mninyamazie mpaka Jumamosi.