Kitabu Kimoja cha Nyimbo, Mioyo Miwili

Kwa miezi minne nilisimama kwenye kwaya bega kwa bega na ndugu ambaye tulikuwa hatusemezani. Wote wawili sauti ya tatu. Vitabu vilikuwa haba, kwa hiyo tulishika kimoja, yeye upande wa kushoto, mimi wa kulia, na ukurasa ulipokwisha mmoja wetu aliufunua bila kumtazama mwenzake. Tuliimba vizuri mno. Baada ya ibada watu walitujia kutupongeza: kweli mnapatana!

Tangu hapo, neno "umoja" likitajwa mimbarini, nalisikiliza kwa tahadhari. Tunalichapa kwenye fulana, tunalipandisha kwenye mabango ya mikutano. Lakini mara nyingi tunachokiita umoja ni ukimya wa watu waliokubaliana kutogusana.

Paulo aliwaandikia Waefeso wajitahidi "kuuhifadhi umoja wa Roho katika kifungo cha amani" (4:3). Kitenzi hicho, kuuhifadhi, ndicho kinachonikamata. Huwezi kuhifadhi kisichokuwapo. Roho ameshautoa, sisi tumekabidhiwa tu, kama mtu aliyeachiwa mali ya mwenyewe. Kwa hiyo wingi wa madhehebu haunikoseshi usingizi kama unavyowakosesha wengine. Huyu hubatiza kwa maji mengi, yule kwa maji machache. Huyu husali kwa kufuata kitabu, yule kwa kupaza sauti. Hayo yana uzito wake, lakini umoja wa Roho unaweza kuishi ndani yake.

Usichoweza kuishi nacho ni dharau. Mwaka 1529, kule Marburg, Ujerumani, Luther na Zwingli, viongozi wawili wa matengenezo ya Kiprotestanti, walikubaliana karibu kila kitu katika hoja 15. Wakakwama kwenye jambo moja la hoja ya mwisho: je, mwili na damu ya Kristo vimo hasa katika mkate na divai? Swali zito, sina ugomvi na waliolishikilia. Kinachoniuma ni kwamba Luther alikataa kumtambua mwenzake kuwa ndugu. Linganisha na tarehe 7 Desemba 1965, Papa Paulo VI wa Kanisa Katoliki na Athenagoras, Patriaki wa Kiorthodoksi wa Konstantinopoli, walipoziondoa laana ambazo pande zao zilitupiana mwaka 1054. Mafundisho hayakupatanishwa siku ile, na mpaka leo makanisa hayo mawili hayashiriki meza moja. Ila laana iliondoka. Waliacha hoja mezani, wakaondoa sumu.

Hata hivyo siamini kwamba kazi kubwa iko kwa mapapa na mapatriaki. Iko kwa Euodia na Sintike.

Hawa ni wanawake wawili wa Filipi, na kwa majina yao hawatajwi mahali pengine popote katika Biblia. Paulo aliandika: "Namsihi Euodia, namsihi na Sintike, wawe na nia moja katika Bwana" (Wafilipi 4:2). Kumbuka kwamba barua ile ilisomwa kwa sauti mbele ya kanisa. Nadhani wote wawili walikuwemo, labda kila mmoja kona yake, na msomaji akafika hapo. Shingo ngapi ziligeuka? Paulo hasemi nani mkosaji, hata ugomvi wenyewe hautaji. Anarudia "namsihi" mara mbili, kila mmoja apate la kwake, asije mmoja akajiona ndiye aliyesemwa. Kisha anamwomba mtu wa tatu awasaidie. Aliona kwamba kuwaachia wenyewe kusingetosha.

Lakini umoja usitumike kuwaziba watu midomo. Nimewahi kuona mwenye malalamiko ya haki akiambiwa "usituvunjie umoja", na fedha alizoziulizia hazikuelezwa hadi leo. Paulo huyo huyo alishindana na Petro uso kwa uso kule Antiokia (Wagalatia 2:11), kwa sababu Petro alikuwa amejitenga na meza ya watu wa Mataifa, yaani waamini wasio Wayahudi. Alimkemea ili meza ibaki moja.

Na Yesu, usiku wa kuamkia kusulubiwa, aliomba wafuasi wake wawe na umoja "ili ulimwengu upate kusadiki" (Yohana 17:21). Yaani jirani asiyeamini anatusoma sisi kabla hajafungua Biblia. Sala hiyo hunitisha kidogo.

Yule ndugu wa kwaya, kosa lake lilikuwa hili: alimwambia mwalimu kwamba nachelewa mazoezi kwa uzembe. Lilikuwa kweli, ndiyo maana liliniuma. Siku moja kabla ya mazoezi nikamfuata nje. "Ndugu, nina neno nawe." Akasema, "Hata mimi." Tukasimama ukutani, tukazungumza, tukanyamaza, tukazungumza tena. Tulipoingia ndani wenzetu walikuwa wameshafika ubeti wa tatu. Wote wawili tumechelewa. Akachukua kitabu, akaanza kuufuata wimbo kwa kidole ili anionyeshe walipofika.